Katuni Hii Inamfaa Mwanangu? Tunajibu Maswali ya Wazazi

Barua nyingi za mwezi huu zimeangukia katuni za safari na mapambano, zile ambazo kundi la marafiki huvuka misitu, bahari au sayari kutafuta kitu kilichopotea huku adui akiwafuata nyuma. Tumechagua saba. Ya kwanza tumeikalia zaidi kwa sababu majibu ya nyingine yanaiegemea.

Nimeona sehemu ya kwanza. Inatosha?

*Binti yangu ana miaka sita, anaililia katuni ambayo wenzake wote wanaizungumzia. Ina misimu minne, kila msimu sehemu kumi na tatu za dakika 22. Nimeangalia sehemu ya kwanza sikuona ubaya. Nimruhusu? Zote siwezi kuzimaliza. – Mama Asiye na Muda*

Mama, sehemu ya kwanza ndiyo inayodanganya kuliko zote. Hapo watunzi wanatambulisha wahusika na kuchekesha. Mabaya yamewekwa sehemu za baadaye. Tena katuni za aina hii hukomaa pamoja na watazamaji wake. Aliyeanza msimu wa kwanza akiwa na miaka saba anatarajiwa awe na tisa au kumi msimu wa mwisho ukitoka, na hadithi inazidi kuwa nzito kwa kumfuata yeye. Binti yako hatasubiri hiyo miaka. Misimu yote minne ipo tayari, na akiachiwa rimoti ataimaliza ndani ya likizo moja.

Sehemu 52 za dakika 22 ni dakika 1,144, yaani zaidi ya saa 19. Hakuna anayekudai hizo. Tazama nne tu, dakika 88: sehemu ya 7 ya msimu wa kwanza, ya 12 na ya 13 za msimu huohuo, kisha sehemu ya 12 ya msimu wa nne. Ile ya 7 inakuonyesha katuni ilivyo siku za kawaida, bila sherehe ya kuanza wala ya kufunga. Ya 12 na ya 13 mara nyingi ni kisa kimoja kilichokatwa vipande viwili, na ndipo usaliti, vifo na vita vikubwa huwekwa. Ile ya msimu wa nne ndiyo dari: kama kuna jambo zito kuliko yote, kwa kawaida liko hapo au sehemu inayofuata.

Kaa na karatasi. La kwanza la kuandika ni nani yuko hatarini. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchunguzi uliolinganisha filamu 45 za katuni za watoto zilizopata mapato makubwa na filamu 90 za watu wazima. Thuluthi mbili za katuni zilikuwa na kifo cha mhusika muhimu, wakati kwa za watu wazima ilikuwa nusu, na waliokufa mara nyingi walikuwa wazazi. Hizo zilikuwa filamu, si mfululizo, lakini mazoea ya watunzi ni yaleyale: ili mtoto aanze safari peke yake, mzazi huondolewa njiani. Kwa mtoto wa miaka sita mzazi aliyechukuliwa anatisha kuliko joka. Joka halipo mtaani kwao. Mama yuko chumba cha pili.

La pili ni pigo linagharimu nini. Kuna katuni ambayo shujaa anaangukiwa na mwamba, anainuka, anajikung'uta vumbi na kutania. Kuna nyingine ambayo aliyepigwa anaumia, anafungwa bendeji na bado anachechemea sehemu inayofuata. Wazazi wengi huichagua ile ya kwanza kwa kuwa haina damu, na hapo tunatofautiana nao. Pigo lisilouma, linalotolewa na mhusika anayependwa na kushangiliwa, ndilo mtoto hulijaribu kwa mdogo wake. Pigo lenye maumivu linaogofya zaidi lakini halimwaliki kuiga. Kwa hiyo jiulize mwanao ni yupi: mwoga, au mtundu? Mwoga anavumilia vizuri katuni ya vumbi na utani. Mtundu anafaidika na ile ambayo kuumia ni kuumia.

La tatu ni kilichotumika. Mwali unaotoka kwenye jiwe la ajabu hauigiki. Kisu cha jikoni, kamba shingoni, kiberiti, kuruka kutoka paani kwa shuka, kujificha ndani ya sanduku linalojifunga, vyote vinaigika jioni hiyohiyo. Tukiona kimoja cha hivi kikifanywa na shujaa bila madhara yoyote, kwa mtoto aliye chini ya miaka saba tunasema hapana, hata kama mengine yote ni mazuri.

Kisha shika saa. Hesabu dakika tangu tishio linapoanza mpaka linapotatuliwa. Katuni za dakika 11 kwa kawaida hufunga tishio ndani ya sehemu ileile. Za dakika 22 zinazoendeleza kisa kimoja hupenda kukatia shujaa akiwa ananing'inia. Mtu mzima anasema "kesho tutajua". Mtoto wa miaka sita anakwenda kulala na shujaa bado yuko juu ya jabali. Dawa yake ni ndogo: ukiruhusu katuni ya namna hiyo, usizime pale sehemu inapoishia. Endelea dakika tatu au nne za sehemu inayofuata, shujaa aokoke, uzime hapo.

Mwisho ni mwendo. Mwaka 2011 jarida la Pediatrics lilitoa jaribio la watoto 60 wa miaka minne. Waliotazama dakika tisa za katuni ya kasi walifanya vibaya zaidi, mara tu baada ya hapo, kwenye majaribio ya kujizuia na kufuata maelekezo kuliko waliochora au waliotazama kipindi cha kufundisha. Katika katuni ile mandhari ilibadilika kabisa kila sekunde 11 hivi. Katika kile kipindi kingine, kila sekunde 34. Jaribio halikusema lolote kuhusu madhara ya muda mrefu, ila linakupa kipimo. Usihesabu kila mkato wa kamera. Hesabu mara ngapi kwa dakika moja mnahamishwa kutoka mahali pamoja hadi pengine. Mara mbili ni mwendo wa pole. Tano au zaidi ni kasi, na katuni hiyo haifai kabla ya kazi za shule wala kabla ya kulala.

Ukimaliza, si lazima jibu liwe ndiyo au hapana. Ruhusa ya nusu ipo: "Msimu wa kwanza mpaka sehemu ya 11, kisha tunasubiri ufike miaka minane." Iseme kabla hajaanza, si katikati ya kilio.

Huku 7+, kule 10+

*Katuni ileile huduma moja ya video mtandaoni imeiandika 7+, nyingine 10+. Nani mkweli? – Baba wa Mapacha*

Wote wawili, Baba, kwa sababu hawapimi kitu kimoja. Nchini Marekani alama za runinga zilianza 1997. TV-Y7 maana yake ni kipindi cha mtoto wa miaka saba na kuendelea ambaye tayari anatofautisha ya kubuni na ya kweli. Zikiongezwa herufi FV, mapambano ya kubuni ni makali zaidi ya kawaida ya kundi hilo. Herufi hizo mbili ndizo wazazi huzipita bila kuziona, na kwenye katuni za mapambano ndizo zenye habari. Uingereza, bodi ya BBFC, inayozipanga filamu kwa umri, inatumia U kwa kinachofaa tangu miaka minne hivi, na PG kwa kisichotarajiwa kumsumbua mtoto wa miaka minane au zaidi. Kwa hiyo PG si ruhusa kwa mtoto wa miaka mitano. Inakuambia yeye umfikirie kwanza. Uholanzi, mfumo wa Kijkwijzer ulioanza 2001 hutoa umri pamoja na vijipicha vya sababu: ngumi ya ukatili, buibui wa hofu, na vingine. Kama lebo unayoiona ina sababu, soma sababu kabla ya namba. "10+ kwa lugha" na "10+ kwa hofu" ni katuni mbili tofauti kabisa.

Namba pia haikuambii kama mtoto ataielewa. Inasema tu kilichomo si kizito kupita umri huo. Katuni yenye siri za kisiasa za falme tatu inaweza kupewa 7+ kwa kuwa haina damu, na mtoto wa miaka saba akaona watu wanaokimbizana bila sababu.

Hapo hapo, jihadhari na dhana kwamba kilichochorwa ni cha mtoto. Katuni nyingi za Kijapani hutokana na majarida yaliyogawanywa kwa umri: shonen ni kwa wavulana wanaobalehe, seinen ni kwa wanaume wazima. Maneno hayo yakitokea kwenye maelezo, chukua tahadhari. Na kama sauti ni ya lugha ngeni yenye maandishi chini ya picha, mtoto asiyesoma haraka anabaki na picha tupu. Anaona ngumi, haoni sababu yake wala majuto yaliyofuata. Kwake tafuta iliyotiwa sauti ya lugha anayoijua, la sivyo ngoja.

Nimemwambia si kweli, hasikii

*Wanangu, mjukuu wangu wa miaka minne aliona katuni ambayo kijana mpole aligeuka dubwana. Tangu siku hiyo halali peke yake. Kila usiku namweleza kuwa ile ni michoro tu, lakini wapi! Nakosea wapi? – Bibi*

Shikamoo Bibi. Hujakosea kumpenda, ila maneno yametangulia umri. Mtafiti Joanne Cantor wa Marekani na wenzake walichunguza hofu hizi kwa miaka mingi. Katika jaribio moja la 1985 waliwaonyesha watoto hadithi ya bibi kizee katika sura nne: mzuri wa uso na mwema, mzuri na mkatili, mbaya wa uso na mwema, mbaya na mkatili. Wa miaka mitatu hadi mitano walimhukumu zaidi kwa uso. Wa tisa na kumi kwa matendo. Ndiyo maana kijana yuleyule aliyegeuka dubwana hakubaki kuwa yuleyule machoni pa mjukuu wako. Mpole ameondoka, dubwana limekuja, na hilo linamfundisha kwamba yeyote anaweza kugeuka.

Chini ya miaka saba hofu hutulizwa na mwili: kumkumbatia, maji ya kunywa, taa ndogo, kitu cha kushika, mlango uliofunguliwa kidogo. Acha kulitaja dubwana wakati wa kulala, maana kila maelezo ni kulileta tena chumbani. Mchana mpe karatasi alichore, halafu alivike kofia na viatu visivyolingana; mara nyingi kicheko hufanya kile ambacho hoja haikuweza. Usimrudishie katuni ile "ili azoee". Ikipita wiki kadhaa bado halali, au akaanza kukataa mambo aliyokuwa akiyafanya kila siku, mpelekeni kwa mhudumu wa afya ya watoto.

Wajukuu wakubwa, Bibi, mambo hugeuka. Wa miaka tisa au kumi anacheka dubwana lakini anaogopa moto, mtekaji au ugonjwa, kwa kuwa amejua hayo hutokea kweli. Kwa huyo maelezo yanasaidia, hasa ukimwambia milango inafungwaje na nani yuko nyumbani. Kabla ya kumchagulia mdogo, angalia tu kama kuna nyuso zinazobadilika, vinyago, au mtu anayeingiliwa na roho nyingine. Vikiwepo, mwekee kitu kingine.

Mwisho wanafundisha upendo, si ndiyo?

*Wanangu wa miaka mitano na minane wanapigana mateke kama kwenye katuni. Mke wangu anataka niifute. Mimi nasema kila sehemu inamalizika kwa funzo la upendo. – Baba Mtetezi*

Mkeo ana hoja kwa huyu wa miaka mitano. Mwaka 1963 Albert Bandura na wenzake walitazama watoto 96 wa shule ya awali. Wengine walimwona mtu mzima akilipiga sanamu la kuchezea ana kwa ana, wengine kwenye filamu, wengine wakaona kitendo kilekile kikifanywa na mhusika wa mfano wa katuni aliyevaa kama paka. Makundi yote matatu yaliiga, na ukali wa waliotazama filamu au katuni ulikaribia mara mbili ya wale ambao hawakuona kitu. Unaweza kusema sanamu lile lilitengenezwa lipigwe, na wakosoaji walisema hivyo. Lakini kwamba vazi la paka halikuzuia kuiga ni jambo la kukumbuka.

Kuhusu funzo, tatizo ni umbali. Ugomvi unachukua dakika 18, funzo dakika mbili, na mtoto mdogo haunganishi ncha hizo. Katika utafiti wa 2008 watoto wa chekechea walionyeshwa katuni ya mbwa mwenye miguu mitatu aliyeogopwa na wenzake kisha akakubaliwa. Wengi hawakuona kwamba habari ni ya kuwakubali watu waliotofautiana na wao. Walijibu kuhusu mbwa.

Usiifute bado. Kaeni nao, simamisha katikati, pale kosa linapotendeka, si mwisho. Uliza swali moja tu: "Huyu aliyepigwa anajisikiaje sasa?" Maswali matano yanaigeuza sebule kuwa darasa na watakukimbia. Mateke yakiendelea kwa wiki mbili hata mkitazama pamoja, wa miaka mitano apumzishwe na wa minane aendelee akiwa peke yake. Huyo wa minane atalalamika kidogo kuliko unavyodhani, kwani kutazama kitu cha wakubwa ni heshima.

Mwanga unaowaka na kuzima

*Kuna mapigano yenye mwanga unaopigapiga mpaka macho yanauma. Ni hatari? – Mlezi*

Kwa watoto wengi ni kero tu. Kwa wachache wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga, ndiyo. Tarehe 16 Desemba 1997 nchini Japani sehemu moja ya katuni maarufu iliwasha rangi nyekundu na buluu kwa zamu, mara 12 hivi kwa sekunde, na watoto wapatao 685 wakapelekwa hospitalini. Baada ya hapo watangazaji wa huko waliweka miongozo, na kanuni za kurasa za intaneti nazo hukataza zaidi ya mimweko mitatu kwa sekunde. Washa taa ya chumba, msogeze mtoto mbali na kioo, usimwache atazame gizani na simu puani. Mwanga ukianza kupigapiga, afunike jicho moja kabisa kwa kiganja na ageuze uso. Kufumba macho hakutoshi, mwanga hupenya kope. Mtoto aliyewahi kuzimia au kushtuka mwili mbele ya runinga aonwe na daktari kwanza.

Sehemu ngapi kwa siku?

*Jibu fupi tafadhali. – Mama Kifungua Mimba*

Kwa mtoto wa miaka miwili hadi minne, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019: isizidi saa moja, na pungufu ni bora. Chini ya miaka miwili halipendekezi. Sehemu mbili za dakika 22 ni 44. Ya tatu inakupeleka 66. Basi ni mbili. Kwa wakubwa angalia usingizi: kama asubuhi anaamshwa mara tatu, punguza ya jioni.

Mmoja minne, mwingine kumi na mmoja

*Runinga ni moja, umri ni tofauti. Tufanyeje? – Wazazi Wawili*

Kila mtoto awe na profaili yake, yaani ukurasa wake ndani ya huduma ya video, yenye umri wake. Kisha jambo linalosahaulika: profaili za watu wazima ziwekewe namba ya siri, maana mtoto wa miaka minne huchagua picha, na picha ya baba ndiyo ya kwanza. Baadhi ya huduma, Netflix ikiwemo, huruhusu kuzuia katuni moja kwa jina kwenye profaili ya mtoto. Fanyeni hivyo kwa ile ya kaka yake. Kwenye YouTube Kids chagueni hali ya kuonyesha vile tu mlivyoviidhinisha wenyewe. Msimwachie mdogo atafute jina la mhusika kwenye YouTube ya kawaida: mwishoni mwa 2017 ilibainika wazi kwamba wapo wanaotumia sura za katuni zinazopendwa kutengenezea video za kutisha.

Mkubwa apangiwe saa yake baada ya mdogo kulala. Spika za masikioni si suluhisho, kwa sababu mdogo anatishwa na picha. Safarini pakueni sehemu mlizochagua kwenye tableti na kuzima intaneti. Na zimeni ile hali ya sehemu inayofuata kuanza yenyewe. Katika Netflix hiyo huwekwa kwa kila profaili peke yake, kwa hiyo mkiizima kwa mdogo tu, ya kaka bado inaendelea.